Mkataba Umesainiwa, Udongo Umekuja Tofauti: Nani Ana Mamlaka ya Kuongeza Bei?

Katika vikao vya mabaraza ya madiwani mkoani Tabora, sentensi moja hutosha kuamsha ukumbi mzima: "Mradi umeongezeka gharama." Papo hapo watu hugawanyika. Wapo wanaoamini kuna mtu amekula, na wapo wanaosema hayo ni mambo ya wahandisi, asiyeyasomea anyamaze. Pande zote mbili zinaikosea fedha ya umma. Mkataba wa ujenzi huandikwa na watu wanaojua kwamba utabadilika, maana hakuna anayeona chini ya ardhi kabla ya kuchimba. Ndiyo sababu ndani yake mna vifungu vinavyosema nani aamue mabadiliko, kwa maandishi gani, kabla ya hatua ipi, na bei ipatikane vipi. Anayetaka kujua kama ameibiwa aanzie kwenye vifungu hivyo.

Macho yetu yako zaidi kwenye zabuni. Sheria ya Ununuzi wa Umma ya 2023 na kanuni zake za 2024 zilipotoka, mjadala mkubwa ulikuwa nani apewe kazi: miradi ya ujenzi isiyozidi shilingi bilioni 50 ikatengwa kwa kampuni za ndani, na michakato ikapita kwenye mfumo wa kielektroniki wa NeST. Aliyeshindwa zabuni ana chombo cha kukatia rufaa, Mamlaka ya Rufani za Zabuni za Umma. Yote hayo yana maana. Lakini zabuni huisha ndani ya wiki kadhaa, mkataba huishi miezi au miaka, na ni huko kwenye utekelezaji ambako ripoti za Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali hurudia hoja zilezile: kazi za nyongeza zisizo na idhini, fidia ya ucheleweshaji isiyokatwa kwa mkandarasi aliyechelewa, riba iliyolipwa kwa kuwa serikali ilichelewa kumlipa mkandarasi.

Tutumie mfano wa kubuni, ila wenye udongo wa kweli. Barabara ya changarawe ya kilomita 10 wilayani Igunga, inayopita ukingoni mwa mbuga ya Wembere. Mkataba ni wa shilingi milioni 800, muda miezi minane, makalavati sita. Mwajiri ni taasisi ya serikali, mkandarasi ni kampuni ya Kitanzania, na katikati yao yuko msimamizi wa mradi, ambaye mkataba umempa kazi ya kuelekeza, kupima na kuthibitisha malipo.

Udongo wa mbuga, yaani udongo mweusi wa tambarare zinazotuamisha maji, kila mkulima wa huko anaujua. Kiangazi hupasuka nyufa za kuingiza mkono, mvua ikinyesha huvimba na kunasa magurudumu. Barabara ikijengwa juu yake hupanda na kushuka nao mpaka ipasuke, kwa hiyo udongo huo huondolewa na mahali pake kujazwa kifusi kizuri kinachoshindiliwa. Michoro ya mradi wetu ilikadiria sentimita 60 za udongo huo. Mashine zilipofika kati ya kilomita 4 na 4.6, zikachimba sentimita 60, mita moja, mita moja na nusu, na chini bado ni weusi. Ardhi ngumu ilipatikana kwenye mita 1.8.

Kuanzia hapo mkandarasi ana wajibu ambao wengi hawausomi: kutoa tahadhari mapema, kwa maandishi. Fomu ya mkataba wa kazi ndogo za ujenzi ya Benki ya Dunia, ambayo mikataba mingi ya aina hii imefuata nyayo zake, inasema wazi kwamba mkandarasi hatalipwa gharama ambayo ingeepukika kama angetoa tahadhari kwa wakati. Mikataba mikubwa inayofuata masharti ya FIDIC, shirikisho la kimataifa la wahandisi washauri, ni mikali zaidi. Toleo la 1999 la masharti ya ujenzi linampa mkandarasi siku 28, tangu ajue au alipopaswa kujua tatizo, kutoa taarifa ya dai. Siku hizo zikipita, haki imekwenda, hata kama kazi aliifanya na kila mtu aliiona. Inauma kuona kampuni zetu ndogo zikipoteza fedha halali kwa njia hii. Mwenye kampuni anamfahamu mhandisi, wamezungumza kwa simu, wameelewana. Mwaka unaofuata mhandisi amehamishiwa mkoa mwingine, na aliyekuja anakuta jalada halina hata mstari mmoja.

Je, kina kilichoongezeka ni mabadiliko ya mkataba? Inategemea aina ya mkataba, na hapa ndipo mabishano mengi ya vikaoni yanapopotea njia. Mkataba wa bei ya jumla humbebesha mkandarasi hatari ya vipimo: alikubali kujenga jengo lililochorwa kwa bei moja, na kama alikosea kuhesabu tofali, hasara ni yake. Mkataba wa kupima kazi hauko hivyo. Una jedwali la kazi na bei, lile ambalo saiti kila mtu huliita BOQ, na vipimo vilivyomo ni makadirio tu. Mkandarasi hulipwa kwa kiasi kilichopimwa baada ya kazi, kwa bei ya kila kipimo aliyoiandika kwenye zabuni. Kwa barabara, mkataba wa namna hii ndio wa kawaida. Basi kiasi kikipanda, gharama hupanda bila mtu yeyote kuwa amekosea. Ila pana mipaka. Katika fomu hiyo ya Benki ya Dunia, kiasi cha kipengele kimoja kikitofautiana na cha kwenye jedwali kwa zaidi ya asilimia 25, na tofauti hiyo ikazidi asilimia 1 ya bei ya awali ya mkataba, bei ya kipimo yenyewe inapaswa kuangaliwa upya. Na kama marekebisho hayo yataipandisha bei ya mkataba kwa zaidi ya asilimia 15, msimamizi hana mamlaka ya kuyafanya bila idhini ya mwajiri.

Tuingize namba. Upana ni mita 8, urefu mita 600, kina kilichoongezeka mita 1.2: jumla mita za ujazo 5,760. Kuchimba na kuondoa ni shilingi 6,000 kwa mita ya ujazo, kujaza na kushindilia ni 18,000. Jumla ni shilingi 138,240,000, yaani asilimia 17.28 ya mkataba. Kipengele ambacho kwenye jedwali kilikuwa na mita 2,880 sasa kina 8,640, mara tatu. Mipaka yote imevukwa, na jambo hili halimalizwi na msimamizi na mkandarasi wakiwa wameegemea gari pembezoni mwa barabara.

Tusimame kidogo kwenye hiyo bei ya kipimo, kwa kuwa hapo ndipo penye ujanja mzito kuliko wote. Tuseme kulikuwa na mzabuni mwingine aliyeandika jumla ya shilingi milioni 790, pungufu kwa milioni 10. Makalavati na changarawe kayawekea bei ya chini, lakini kuondoa udongo wa mbuga na kujaza kifusi kaandika shilingi 60,000 kwa mita ya ujazo, huku wenzake wakiandika 24,000. Amelitembelea eneo, akauliza wenyeji, akajua michoro imepunja kina. Angeshinda kwa bei ya chini, na udongo ulipojitokeza zile mita 5,760 zingegharimu shilingi 345,600,000. Barabara ya milioni 790 ingefikia milioni 1,135.6, wakati ile ya milioni 800 imefikia 938.24. Hapa hakuna hongo wala hati ya kughushi, na kila karatasi ingekuwa sahihi. Kamati ya tathmini inayosoma jumla ya mwisho tu, bila kupitia bei za vipengele kimoja kimoja, haiwezi kuliona jambo hili. Na dawa ya bei nafuu kabisa ni ya mapema zaidi: mashimo machache ya majaribio kabla ya zabuni, yaliyochimbwa pale ambapo wenyeji wanasema gari hukwama. Nimeona bajeti ya uchunguzi wa udongo ikiwa ya kwanza kukatwa fedha inapopungua, na ni uamuzi wa gharama kubwa kuliko yote inayofanywa kwa jina la kubana matumizi.

Baada ya tahadhari huja agizo. Mabadiliko ya kazi, ambayo mafundi na wahandisi huyaita variesheni, yana mtu mmoja wa kuyaagiza: msimamizi wa mradi aliyetajwa kwenye mkataba, kwa maandishi, ndani ya mamlaka aliyopewa. Huomba kwanza bei kutoka kwa mkandarasi, naye kwa kawaida ana siku saba za kuileta. Kazi inayofanana na iliyomo kwenye jedwali hutumia bei ya jedwali. Kazi mpya kabisa, mathalani kutandika mawe makubwa chini ya tuta, hupangiwa bei kwa kuchambua vifaa, mitambo, vibarua na faida. Juu ya msimamizi yuko afisa masuuli, yaani mkuu wa taasisi anayewajibika kwa fedha zake, na pale kanuni zinapotaka, bodi ya zabuni na mwanasheria. Sheria ya 2011 iliyotangulia hii ya sasa ilikuwa na sharti ambalo kila mwenye kalamu ya kuidhinisha anafaa kulikariri: mkataba ukishasainiwa na pande zote haubadilishwi isipokuwa kwa manufaa ya serikali. Manufaa hayo yaandikwe. Dokezo linalosema "kutokana na hali halisi ya eneo" halijaeleza chochote.

Idhini itangulie kazi. Idhini inayosainiwa miezi mitatu baada ya tuta kushindiliwa haimzuii mtu kitu, kwa kuwa aliyeombwa kuamua amekuta mambo yameisha. Dharura zipo kweli, kama mvua inayotishia kubeba kalavati usiku huu, na mikataba inaruhusu msimamizi aagize kwanza na bei ifuate. Dharura ya aina hiyo hudumu siku, haidumu msimu.

Sasa niseme jambo ambalo watu hulikwepa. Kiongozi akifika saiti na msafara, akasimama mbele ya wananchi akasema "naagiza barabara hii iongezwe kilomita mbili ifike shuleni," au "ndani ya siku 30 nataka kazi iwe imekwisha," huko kwenye mkataba hakuna kilichobadilika. Mkandarasi akizijenga hizo kilomita mbili kwa kauli hiyo amejitolea, na akidai malipo atawaweka maofisa wa halmashauri mahali pabaya: kulipa bila msingi au kumdhulumu mtu aliyefanya kazi. Akiharakishwa, akaongeza mitambo na zamu za usiku kwa maandishi ya msimamizi, ana haki ya kudai gharama za kuharakishwa. Viongozi wana kazi kubwa ya kusimamia maendeleo, na wengi wanaifanya kwa moyo. Njia iliyo salama kwao ni kumwelekeza mwajiri, naye apime, aandike, aidhinishe, ndipo agizo limfikie mkandarasi kupitia msimamizi.

Na zile kilomita mbili za shuleni zina tatizo la pili. Variesheni hubadilisha kazi iliyozabuniwa: kina, unene, vifaa, mahali pa kalavati. Kuongeza barabara nyingine kwenye kata nyingine, ati kwa sababu mitambo iko karibu, ni kazi mpya iliyokwepeshwa zabuni. Diwani anayeomba hivyo mara nyingi ana nia njema kabisa, na watu wake wanateseka kweli na tope. Lakini kampuni nyingine zilinyimwa nafasi ya kushindania kazi hiyo, na bei yake haikupimwa na soko. Upande wa pili nao una kanuni yake: mwajiri anaweza kuondoa kazi kwenye mkataba, lakini chini ya masharti ya FIDIC haruhusiwi kumnyang'anya mkandarasi kipande ili akampe mwingine.

Turudi kwenye shimo letu la mita 1.8, kwa maana ukaguzi wa kweli uko pale. Kazi ya udongo hufunikwa na ikishafunikwa haionekani tena. Kama kina halisi kilikuwa mita 1.1 na kikaandikwa 1.8, tofauti ya mita 0.7 kwa eneo lile ni mita za ujazo 3,360, sawa na shilingi 80,640,000. Kwa hiyo mkandarasi haruhusiwi kufunika kabla msimamizi hajaalikwa kukagua. Pande mbili hupima pamoja, kila baada ya mita kadhaa, viwango vya ardhi vikisomwa kabla ya kuchimba na baada yake. Huandika, husaini siku hiyohiyo, hupiga picha zenye futi ikionekana. Mkaguzi akija baadaye ana njia nyingine za kulinganisha: idadi ya safari za malori kwenye daftari, ukubwa wa shimo kilikochimbwa kifusi, dizeli iliyotumika, vipimo vya mshindilio kwa kila tabaka. Tabaka la sentimita 20 likishindiliwa lina cheti chake cha maabara. Mita 1.8 ina matabaka tisa. Anayedai mita 1.8 na ana vyeti vya matabaka matano ana jambo la kueleza.

Diwani hahitaji shahada kuomba karatasi hizo nne: taarifa ya tahadhari, agizo la maandishi, idhini, na hesabu ya vipimo vya pamoja. Aangalie tarehe zake kama zinafuatana.

Muda una hesabu yake, tofauti na ya fedha, na watu huzichanganya. Mkandarasi anaweza kustahili siku bila kustahili shilingi, au kustahili vyote viwili. Mwajiri akichelewa kukabidhi eneo kwa sababu fidia ya mashamba haijalipwa, mkandarasi hupata siku na pia gharama za mitambo iliyolala. Mvua isiyo ya kawaida kwa kawaida humpa siku tu. Mvua ya kawaida haimpi chochote: Tabora hunyesha takriban kuanzia Novemba hadi Aprili, na aliyesaini mkataba alijua. Lawama hapa siiweki kwa mkandarasi peke yake. Mwaka wa fedha wa serikali huanza Julai 1, taratibu huchukua miezi, mikataba husainiwa kiangazi kinapoelekea ukingoni, kisha tunashangaa kukuta greda limezama Januari.

Katika mfano wetu mkandarasi aliomba siku 60 kwa ajili ya udongo wa ziada. Msimamizi alipitia ratiba, akaona makalavati yangeweza kuendelea huku kilomita 4 ikichimbwa, akatoa siku 25. Kazi ikaisha siku 40 baada ya tarehe ya awali. Zimebaki siku 15 za kosa lake. Mkataba unasema fidia ni asilimia 0.1 ya bei ya mkataba kwa siku, yaani shilingi 800,000, ukomo ukiwa asilimia 10. Hukatwa shilingi milioni 12. Mhandisi anayemwonea huruma mkandarasi na kuacha kukata anagawa fedha isiyo yake. Anayekata siku zote 40 bila kujibu ombi la muda anaivunjia serikali mkataba wake yenyewe.

Kwenye malipo, serikali ndiyo hukosea zaidi. Msimamizi akishathibitisha hati ya malipo, fomu niliyoitaja inampa mwajiri siku 28 kulipa, baada ya hapo riba inahesabika, na zikifika 84 bila malipo ni uvunjaji wa msingi wa mkataba. Kampuni ya ndani yenye greda mbili na mkopo wa benki haiwezi kubeba miezi mitano ya kungoja. Hupunguza vibarua, hununua saruji kidogo kidogo, muda unapita, kisha anaitwa mkandarasi mzembe. Juni ikikaribia huja jaribu la upande mwingine: fedha isiyotumika inaweza kurudi Hazina, basi hati inaandikwa kwa kazi ambayo bado haijafanyika ili fedha isipotee. Sababu inasikika nzuri, lakini ni malipo kwa kitu kisichokuwepo, na mkandarasi akiondoka hakuna cha kumrudisha.

Shule na zahanati zinazojengwa kwa fosi akaunti, ambako kamati hununua vifaa na kumlipa fundi wa hapohapo, hazina FIDIC wala msimamizi wa kukodiwa. Makubaliano na fundi bado ni mkataba. Dirisha likihamishwa au msingi ukiongezwa kozi mbili, muhtasari wa kamati wenye bei na saini ya fundi unatosha. Usipokuwepo, ugomvi huishia kwa mtendaji wa kata.

Pande zikishindwa kuelewana juu ya bei au siku, ile mamlaka ya rufaa za zabuni si mahali pake tena. Mkataba wenyewe hutaja mwamuzi, kisha usuluhishi chini ya Sheria ya Usuluhishi ya 2020. Kazi huendelea wakati mgogoro unasikilizwa, isipokuwa mkataba umevunjwa kihalali.

Hesabu ya mwisho ya barabara yetu inasomeka hivi. Bei ya awali shilingi 800,000,000. Udongo wa ziada 138,240,000. Kalavati moja liliondolewa kwa agizo la maandishi baada ya tuta jipya kubadilisha mkondo wa maji: punguza 31,500,000. Thamani ya kazi ni 906,740,000, ongezeko la asilimia 13.3. Toa fidia ya ucheleweshaji 12,000,000, kinachostahili kulipwa ni 894,740,000. Asilimia 5 ya thamani ya kazi ilikuwa ikishikiliwa kwenye kila hati, jumla 45,337,000. Nusu ililipwa kazi ilipopokelewa. Nusu nyingine, 22,668,500, inabaki kwa mwajiri kwa miezi 12 ya kipindi cha matazamio, ambacho kasoro husubiriwa zijitokeze, ikiwemo masika moja nzima. Kabla ya kuiachia, msimamizi anatembea barabara yote kwa miguu na kuandika kasoro. Nyufa zikionekana kwenye kilomita 4, vinafunguliwa vyeti vya yale matabaka tisa: kama mshindilio haukufika kiwango, mkandarasi anafukua na kurudia kwa gharama yake, na akigoma, mwajiri anaita mwingine na kumlipa kwa fedha hiyo.